Nilivyoziba Njia ya Kliniki kwa Tangi

Jamani, leo nimeaibika. Si ile aibu ndogo ya suruali kupasuka ukipanda ngazi. Nimeaibika mbele ya Silanga nzima, mbele ya mkubwa wangu wa kazi, na mbele ya mama mjamzito ambaye aliniangalia mpaka nikatamani ardhi ya Kibera inimeze na viatu vyangu.

Sogeeni niwaambie mimi mwenyewe, maana mkisikia kwa Wafula wa kazini kwetu ataongeza chumvi. (Haihitaji chumvi. Iko ya kutosha.)

Mnajua wiki iliyopita nilifanywa foman, msimamizi wa mafundi. Najua mnajua, nilipita mlango kwa mlango hapa plotini kuhakikisha. Karakana yetu inatengeneza vitu vya mabati: ndoo, masanduku, karai, matangi. Mzee Gitau, mwenye karakana, alisimama katikati yetu akasema, "Kuanzia leo, Jotham ndiye ataamua." Basi! Neno hilo "ataamua" lilinipanda kichwani. Siku ya kwanza nikaamua nyundo zikae upande wa kulia. Siku ya pili nikaamua zihamie kushoto. Mtu akiniuliza swali, nilimjibu kabla hajalimaliza. Nilidhani foman akinyamaza kidogo afikirie, watu watasema hajui kazi.

Siku ya tatu akaja Sista Rodah. Huyu ni nesi wa ile kliniki ndogo ya akina mama kule Silanga, ndani ya Kibera, chini karibu na bwawa. Alitembea kutoka Silanga mpaka hapa Kabiro akiwa na karatasi mkononi. Kliniki haina maji. Wanachota kwa mitungi, wanapanga foleni kama watu wengine wote, na mama anayejifungua hawezi kuambiwa asubiri foleni. Walikuwa wanataka tangi.

"Upana futi nne na nusu," akasema. "Urefu futi saba."

"Sista, hilo ni dogo," nikamwambia. "Kliniki inataka maji mengi."

"Fundi, futi nne na nusu. Nimeandika hapo."

"Sawa, sawa."

Akaniangalia tena. "Nne na nusu, fundi."

"Sista, wewe nenda ukadunge watu sindano. Matangi tuachie sisi."

(Ndiyo. Nilisema hivyo. Msinitazame.)

Alipoondoka nikaangalia mabati yaliyobaki kwenye kazi nyingine. Yalikuwa mengi. Nikajiambia, kwa nini nisimtengenezee Sista tangi la futi sita upana, kwa bei ileile? Atafurahi. Mzee Gitau ataona nina akili. Na wale jamaa wa karakana iliyo ng'ambo, waliopitisha tangi lao kubwa mbele ya mlango wetu wakiimba, watanyamaza. Hizo ndizo zilikuwa sababu zangu. Zihesabuni vizuri, hamtapata hata moja inayohusu njia ya kwenda kliniki.

Nikawatangazia vijana. "Tunafanya la futi sita!"

Okelo akainua kichwa. Okelo ni fundi mzuri, tena mtulivu, na kila mtu alijua alikuwa anautaka ufoman. Mimi nilijua kuliko wote. Akasema kwa upole kabisa, "Foman, si twende kwanza tukapime njia? Kule Silanga nyumba zimebanana."

Niwaambie ukweli. Maneno hayohayo yangetoka kwa Wafula, ningechukua tepu na kwenda. Lakini yalitoka kwa Okelo! Masikio yangu hayakusikia "tukapime njia." Yalisikia "huyu hajui kazi." Nikajibu kwa sauti ya kusikika barabarani: "Okelo, mimi nimeishi Silanga miaka miwili. Ile njia ng'ombe wawili wanapita wakiwa wameshikana mikono!"

Karakana nzima ikacheka. Okelo akarudi kwa nyundo yake. Tangu hapo hakuna mtu aliyeniuliza chochote kuhusu tangi hilo, nami nikachukulia kwamba wote wamekubali.

(Kuishi Silanga niliishi kweli. Lakini nilihama zamani, kabla huyu na yule hawajaongeza jiko hapa na chumba pale. Hilo sikulikumbuka. Au nililikumbuka nikalifukuza.)

Jana Mzee Gitau akapita. Tangi lilikuwa limekamilika, linang'aa, mshono umenyooka. Akalizunguka mara mbili. Akaligonga kwa kidole.

"Jotham, hili si kubwa sana?"

"Ni saizi yake, Mzee."

"Una uhakika?"

"Mia kwa mia!"

Ukishasema mia kwa mia mbele ya vijana wako wote, unarudi vipi? Unasema samahani, nilimaanisha sitini? Nikaenda nyumbani na kaswali kadogo tumboni, nikakalaza kwa ugali.

Sasa leo.

Asubuhi nimevaa shati langu la Jumapili. La kwenda kazini! Nilitaka Sista Rodah akinishukuru niwe nimependeza. Tukapakia tangi kwenye mkokoteni wa Mutua, tukalifunga kamba, tukaondoka: Mutua akivuta, Okelo na Wafula wakisukuma, mimi mbele nikiondoa watu njiani kama askari wa gwaride. Tulipovuka Ngong Road magari yakatupigia honi pande zote mbili. Nilipunga mkono.

Tukafika Kibera. Mkokoteni ukaishia juu, kwa sababu kutoka pale kwenda chini Silanga ni vijia vya miguu tu. Tukalibeba kwa miti, mdomo wa tangi ukiangalia mbele. Kijia cha kwanza kilikuwa kipana. Nikageuka nikamwangalia Okelo.

"Unaona?"

Okelo akabadilisha bega.

Kijia cha pili tukagusa ukuta. Kidogo tu. Kijia cha tatu ikabidi mama mmoja aanue nguo zake, tukamwomba radhi, akaturushia macho na kibanio kimoja. Halafu tukafika pale mtelemko unapokaza kona, hatua kama thelathini hivi kutoka kliniki. Niliuona mlango wa kliniki. Na niliona kitu kingine pia: kijia kilikuwa kimekuwa chembamba. Mtu mmoja alikuwa ameongeza jiko la mabati likatoka nje, na ukuta wa udongo upande wa pili ukawa umetuna kama shavu lenye jino bovu.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipokuwa na nafasi. Niliona kabisa kwamba halipiti. Macho yangu yaliona! Ningesema tu, "Vijana, turudi," mambo yangeisha. Lakini tulikuwa tumetoka mbali. Tumepigiwa honi. Nimevaa shati. Na nyuma yangu alikuwa Okelo, na kurudi kungekuwa kama kuivua mwenyewe kofia yangu ya ufoman na kumvisha.

"Liinamisheni kidogo," nikasema. "Sukumeni."

"Foman..." Wafula akaanza.

"Sukuma!"

Wakasukuma. Tangi likaingia. Likalia kriii. Mimi nilikuwa mbele, upande wa kliniki, nalivuta. "Linakuja! Tena!" Wakasukuma tena. Likalia krrrak, likasimama.

"Tena!"

Halikusogea.

"Basi rudisheni nyuma!"

Halikusogea. Migongo ya mabati ya tangi ilikuwa imenasana na mabati ya lile jiko kama meno ya zipu. Kutoka ndani ya jiko ikaja sauti ya mama.

"Nani anasukuma nyumba yangu?"

"Pole mama, ni tangi."

"Tangi linataka nini kwangu?"

Kijia chote kilikuwa kimezibwa kwa tangi. Mimi peke yangu upande huu, wenzangu wote upande ule, na vifaa vyote viko kwao. Nikaingiza kichwa changu kwenye mdomo wa tangi ili waweze kunisikia. "Okelo! Wafula!" Sauti ikazunguka humo ndani ikanirudia masikioni.

Na hapo ndipo Sista Rodah alipotoka kliniki akanikuta: kichwa ndani ya tangi, matako nje, shati la Jumapili lina kutu ya lile jiko.

"Fundi."

Nikatoa kichwa. Nikatabasamu. (Kwa nini nilitabasamu? Mimi mwenyewe sijui.)

"Sista, tumekuongezea ukubwa."

Hakufurahi. Aliangalia tangi, akaangalia kuta, akasema polepole, "Mimi nilipima hii njia kwa kamba. Kona hii mara tatu. Nikakuandikia nne na nusu. Nikakwambia mara tatu pia."

"Sista, kuna njia nyingine ya..."

"Ile ya chini kwa mashamba? Na mvua ya jana? Tope linafika magotini."

Kabla sijajibu tukasikia sauti ya mama mzee kutoka upande ule wa tangi, anapiga kelele kweli. "Sista! Sista Rodah! Fungueni njia! Chupa imepasuka!"

Nikadhani tumevunja kitu cha mtu. Nikaingiza kichwa tena. "Mama pole! Chupa gani? Tutakununulia nyingine!"

Mara nikasikia Silanga nzima ikicheka, vicheko vikiingia kwenye tangi vikinipiga usoni. Sista Rodah akanivuta kwa shati.

"Fundi, ni chupa ya uzazi. Mtu anajifungua!"

Alikuwa ni Milka, muuza mboga wa hukohuko, mtoto wake wa nne, na Sista akaniambia wa nne huwa hawana subira. Mama mzee alikuwa mama mkwe wake. Walikuwa hatua thelathini kutoka kliniki, na katikati niko mimi na mia kwa mia yangu.

Okelo akapaza sauti. "Foman, tunakata!"

Na mimi, jamani, mimi nikasema: "Ngoja kwanza tufikirie."

Siku nane sijafikiria! Leo ndiyo nikaanza! Lilikuwa tangi langu la kwanza kama foman. Kila msumari wa ribiti niliupiga kwa mkono wangu. Nilikuwa bado naona labda tukilegeza huku, labda tukivunja jiko kidogo...

"Wewe!" Sista Rodah akaniambia. "Kata!"

"Kata, Okelo," nikasema.

Okelo hakuwa amenisubiri. Nikasikia patasi inapiga kitako cha tangi, paa, paa, paa. Baada ya muda mfupi nikaona mwanga upande ule, halafu uso wake. Akanipitishia mkasi wa mabati humohumo ndani. Nikaanza kukata upande wangu, kutoka kwenye mdomo kuzunguka. Nimekata mshono wangu mwenyewe, ule ulionyooka. Wafula akakunja kingo kwa nyundo zisimchane mtu. Mama mwenye jiko, yuleyule tuliyemsukumia nyumba, akatoa magunia mawili tukatandika.

Na Milka akaingia ndani ya tangi.

Alikuwa amejiinamia, mkono mmoja kiunoni, mama mkwe nyuma yake akimshika. Alipofika katikati akasimama. Uchungu ulikuwa umemshika. Akaguna, na tangi lile likaichukua sauti yake likaikuza mpaka mbwa wakabweka huko mbali. Hakuna aliyecheka tena. Mimi nilikuwa naomba Mungu kwa Kiswahili na Kiluhya. Sista Rodah akaingia akampokea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Pumua Milka, pumua, tuko hapa." Milka akapumua, akapiga hatua, akatoka.

Alinipita nimejibana ukutani. Akasimama.

"Wewe ndiye fundi?"

Nikafikiria kumwonyesha Okelo. "Ndiyo, mama."

"Mungu anakuona."

Akaenda zake.

Mnadhani iliishia hapo? Watu wakaona njia imefunguka. Mama mwenye mtungi wa maji akapita ndani ya tangi. Jamaa mwenye baiskeli akapita. Mwingine mwenye gunia la sukuma wiki akagonga mabati kwanza: "Hodi?" Nikamwambia karibu. Ningesema nini kingine? Alipotoka upande wangu akanishika mkono kwa furaha. "Maze, hii daraja mmetuletea ni poa. Ni ya kaunsili ya jiji?"

Halafu nikasikia sauti nyingine upande ule. "Jotham yuko wapi?"

Mzee Gitau. Alikuwa amekuja kushuhudia kliniki ikipokea tangi. Alivua kofia, akainama, akaingia ndani ya tangi lake, akatembea taratibu akipapasa kuta kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Akatoka akasimama mbele yangu.

"Mshono ni mzuri," akasema.

Afadhali angenipiga kofi.

"Mzee, naomba msamaha."

"Ngoja. Okelo, wewe ulijua halitapita?"

"Nilisema, Mzee. Siku ya kwanza."

"Wafula?"

Wafula akaangalia viatu vyake. "Nilijua tangu tulipokata bati la kwanza. Dada yangu anakaa kona ileile."

"Dada yako!" Nikaruka. "Mbona hukuniambia?"

"Nilimwona Okelo alivyosema, nikaona alivyochekwa."

"Lakini na wewe ulicheka!"

"Si wewe ndiye foman? Foman akitania, watu hucheka."

Mutua wa mkokoteni naye akaingilia, bila kuulizwa na mtu. "Mimi nilipolipakia tu nikajua. Lakini nikaona nyote mmenyamaza, nikasema hawa ni mafundi, labda lina mahali linapokunjika."

Lina mahali linapokunjika! Tangi!

Mzee Gitau akasugua macho yake. Nilidhani ana hasira. Akasema, "Na mimi pia niliona ni kubwa. Lakini ulivyosema kwa nguvu ile, nikadhani ulienda kupima." Kwa hiyo watu wote wanne walijua. Okelo alisema mara moja akachekwa, na baada ya hapo kila mmoja akamwangalia mwenzake, akanyamaza. Na mimi ambaye sikujua ndiye niliyekuwa naongea.

Tulipokuwa tunalibomoa vipande vipande ili kufungua njia vizuri, mama mkwe akatoka kliniki. Msichana! Mzima, na mama yake mzima. Nilikaa chini kwenye tope na shati langu. Yule mama mzee akasimama juu yangu akajifikiria.

"Kwetu Waluo, mtoto wa kike akizaliwa njiani anaitwa Ayoo," akasema. "Huyu nusura azaliwe ndani ya mabati. Sijui tumwite nani."

Mtu mmoja kwenye umati akapiga kelele, "Mwite Jothamina!"

Sitaki kuongea juu ya vicheko vilivyofuata. Vilisikika mpaka kwenye reli, nina hakika. (Neno hilo hakika, naomba mniruhusu mara hii moja tu.)

Mzee Gitau hakunifukuza. Aliniambia mbele ya wote kwamba kesho tutatumia mabati yaleyale kutengeneza la futi nne na nusu, na Okelo ndiye atakayeshika tepu. Na kuanzia sasa, kabla jambo lolote halijaamuliwa pale karakana, kila mmoja atasema anavyoona, na foman atasema wa mwisho. "Wa mwisho kabisa, Jotham. Ukifungua mdomo mapema, nitakutuma Silanga ukaombe msamaha nyumba kwa nyumba." Sikungoja anitume: nyumba ya kwanza nilikwenda palepale, kwa mama mwenye jiko. Alinisamehe, lakini Jumamosi nitarudi kumnyooshea mabati yake, na ameniambia nije na tepu.

Tumerudi kwa miguu tumebeba mabati kichwani, maana Mutua alishaondoka na mkokoteni wake, tukavuka Ngong Road palepale. Safari hii sikupunga mkono. Okelo alichukua upande mzito bila kuambiwa. Nilimwomba msamaha tulipofika ng'ambo. Akasema, "Sawa, foman." Hakucheka hata kidogo. Nilitamani acheke.

Basi hiyo ndiyo habari, na nimeisimulia yote bila kuficha. Mwenye kucheka acheke sasa hivi amalize, kwa sababu mke wangu anarudi kutoka kwa maombi, na mimi nimeshamwambia kupitia jirani kwamba leo kazini kulikuwa kuzuri mia kwa mia.